Paka Mwenye Kisukari na Haki Yake Juu Yetu



Katika darasa letu la baada ya Isha, kijana mmoja aliniuliza swali ambalo baadhi ya waliohudhuria walilicheka. Alisema: "Sheikh, mtu akiwa na paka nyumbani kwake, na paka huyo akashikwa na maradhi ya kisukari, na daktari akasema hana budi kudungwa sindano mara mbili kila siku, je, ni wajibu juu ya mtu huyo kumdunga, au aweza kumwacha?" Waliocheka hawakujua kwamba kijana yule ni jirani yangu, wala hawakujua kwamba yeye alikuwa akiuliza khabari ya nyumba yangu mimi. Sikumjibu usiku ule. Nilimwambia anipe muda nitazame, kwani mwenye kuulizwa jambo linalomhusu nafsi yake yampasa achelewe kujibu, asije akaifuata raha yake akaiita hukumu. Haya yafuatayo ndiyo majibu yangu.

Paka wetu ni dume, umri wake wapata miaka 10. Binti yangu alimwokota akiwa mdogo, na tangu siku ile amekaa nasi. Alinenepa mpaka akafika kilo 7, nasi tulikuwa tukifurahi na kusema kwamba paka wa nyumba ile hana njaa. Chakula chake kilikuwa ni kile kinachosalia katika sinia: wali wa nazi, mkate, vipande vya mahamri na mchuzi wa samaki. Kisha akaanza kunywa maji kupita kiasi. Mkojo ukawa mwingi. Alikula kwa pupa, na huku nyama za mgongoni zikimwisha. Mwisho miguu yake ya nyuma ililegea, akawa akitembea kwa visigino.

Aliyeyatambua maradhi hayo kabla ya daktari ni mama yangu. Yeye mwenyewe ana kisukari, huu ni mwaka wa 12, na hujidunga sindano kwa mkono wake. Alimtazama paka akinywa, akaniambia: "Baba, huyu ana ugonjwa wangu." Mimi nilitabasamu. Daktari wa wanyama alipompima damu na mkojo, alikuta sukari kotekote. Na kwa kuwa sukari ya paka hupanda hata kwa khofu ya kushikwa tu, alipima pia kipimo kiitwacho fruktosamini, kinachoonyesha hali ya sukari kwa muda wa kama wiki mbili zilizopita. Shaka ikaondoka.

Nitasema kweli, kwani asiyesema kweli juu ya nafsi yake hana uso wa kuwausia wengine. Nilipotoka kwa daktari, paka akiwa kikapuni, wazo la kwanza lililonijia halikuwa la rehema. Nilifikiri: soko la samaki liko karibu, na pale paka ni wengi, nitamfungulia pale aende zake, na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuruzuku. Ndivyo tufanyavyo wengi wetu. Hatusemi kwamba tumemtupa. Twasema tumempeleka sokoni. Nilikwisha ishika njia ya sokoni ndipo nilipoikumbuka hadithi ambayo nimeisomesha miaka mingi, nikaona kwamba siku zote nimekuwa nikiisomesha bila ya kuifikiri sana.

Hadithi hiyo, waliyoipokea Bukhari na Muslim, yajulikana na kila mtoto wa chuoni. Ni ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia mpaka akafa. Hakumlisha alipomfunga, wala hakumwachilia ajitafutie wadudu wa ardhi. Tazama, ndugu msomaji, namna kosa lake lilivyoelezwa. Mbele yake palikuwa na milango miwili: mlango wa kulisha na mlango wa kuachilia. Lau angaliufungua mmoja wapo, asingalikuwa na lawama. Dhambi yake ni kwamba aliifunga yote miwili, akamweka kiumbe wa Mungu baina yake.

Basi mwenye paka mzima ana khiari. Akichoka kumlisha aweza kumwachilia, kwani paka mzima ana kucha, ana mbio, na ana uwindaji. Lakini je, paka mwenye kisukari? Hapa ndipo mas'ala yetu yalipo. Huyu, hata umfungulie dunia nzima, amebeba kifungo chake mwilini. Akiingia sokoni hapati katika matumbo ya samaki kile anachokihitaji. Mlango wa kuachilia, ambao kwa paka mwingine ni rehema, kwake yeye ni kufa mbali na macho yetu tu. Aliyemfungulia hakumwondolea dhiki. Ameiondolea nafsi yake dhiki ya kumtazama. Kwa hiyo umebaki mlango mmoja, nao ni wa kulisha.

Huenda mtu akasema: "Kulisha ni chakula, na sindano ni dawa, na wengi katika wanavyuoni hawakuona kujitibu kuwa ni wajibu katika kila hali hata kwa mwanadamu, sembuse paka." Neno hili lina uzito, wala silitupi. Lakini yafaa tufahamu kwanza maradhi haya ni nini. Chakula kikisha kusagwa tumboni, sukari yake huingia katika damu. Kutoka katika damu haiwezi kuingia katika nyama za mwili mpaka ifunguliwe njia, na ufunguo wa njia hiyo ni maji yatokayo katika kongosho, yaitwayo insulini. Insulini ikipungua, au mwili ukiwa hauisikii, sukari huzunguka katika damu, hujaa katika mkojo, na kutoka nje pamoja na maji mengi. Ndiyo sababu mgonjwa hunywa sana na kukojoa sana. Na mwili, kwa kukosa chakula ambacho kimo mlangoni mwake, huanza kujila wenyewe. Paka huyu bakuli lake limejaa na tumbo lake limeshiba, naye afa kwa njaa.

Ikiwa ndivyo, basi kwake yeye insulini si dawa tu kama dawa ya kikohozi, ambayo akiikosa huenda akapona wenyewe. Ni sehemu ya lishe yake, kwani bila ya hiyo lishe haiwi lishe. Mwenye kumwekea nyama na kumnyima sindano, ilhali anayo na aweza, amefanana na aliyeweka chakula nyuma ya ukuta wa kioo. Kwa maoni yangu, hali yake i karibu na ya yule mwanamke wa hadithi kuliko hali ya mtu aliyeacha kujitibu. Hili ni rai yangu. Mwenye hoja iliyo bora na ailete, nami nitaipokea.

Wala wanavyuoni wa zamani hawakuyaacha haya. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameandika kwamba mwenye mnyama akikataa kumpa nafaka yake, kadhi humlazimisha amlishe, au amuuze, au amchinje akiwa ni wa kuliwa. Na Sheikh Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki Misri mwaka 660 wa Hijra, yaani 1262, alipozitaja haki za wanyama juu ya wanadamu alitaja kwamba nafaka ya mnyama yabaki juu ya bwana wake hata akizeeka au akawa mgonjwa asiyekuwa na manufaa tena. Zingatia, ndugu yangu: manufaa yakisha, haki haikwisha. Sisi hupenda kumpima mnyama kwa panya anaowakamata. Yeye alimpima kwa kuwa yu mikononi mwetu.

Sasa nije kwenye pingamizi iliyonichoma zaidi. Mzee mmoja, mtu wa kheri, aliniambia barazani mbele za watu: "Sheikh, wako watu mjini humu wanaokosa insulini, nawe utamdunga paka?" Nilinyamaza kitambo, kwani mama yangu mwenyewe yu katika watu hao pindi dawa inapoadimika, nami najua uzito wa kuzunguka kutoka duka hili la dawa mpaka lile.

Jawabu langu ni hili. Kwanza, daraja zina utaratibu wake. Nafsi ya mwanadamu yatangulia. Haijuzu kuchukua kipimo cha mama nikampa paka, wala kupunguza chakula cha watoto nikamnunulia sindano. Ikiwa pesa ni hizo hizo na mhitaji ni mtu aliye mbele yangu, mtu kwanza. Hapo sina shaka. Lakini pili, tuulizane kwa haki: ile pesa nitakayookoa kwa kumtupa paka, je, kweli itamfikia mgonjwa wa jirani? Mara nyingi hutumia jina la maskini kujitetea tusimpe mnyama, na kisha maskini naye hatumpi. Aliye na nia ya kumsaidia jirani na amsaidie leo, paka awepo asiwepo. Aliyekuwa hamsaidii kabla ya paka kuugua asimfanye paka kuwa ndiye aliyemzuia.

Na tatu, liko deni ambalo wachache walijua. Insulini hii haikuteremka ndani ya chupa. Mwaka 1921, katika mji wa Toronto nchini Kanada, Frederick Banting na Charles Best waliijua kwa kuwajaribu mbwa waliotolewa kongosho, na mwaka wa pili yake, 1922, mtoto wa miaka 14 akadungwa. Tangu hapo, kwa miaka mingi, dawa hiyo ilitolewa katika makongosho ya ng'ombe na nguruwe, mpaka mwaka 1982 ilipoanza kuuzwa ile inayotengenezwa kwa vijidudu. Uhai wa mama yangu, basi, umepitia katika miili ya wanyama. Nilipoliona hilo, niliona haya kusema kwamba mnyama hana fungu katika dawa hii.

Lakini, ndugu msomaji, nia peke yake haimtibu mtu wala mnyama. Nimeona watu wakiingia katika jambo kwa huruma ya siku moja, wakaliacha siku ya kumi. Na katika maradhi haya, kuanza na kuacha kwaweza kuwa dhara kubwa. Kwa hiyo maandalizi yenyewe ni sehemu ya amana. Nitaeleza yale tuliyofunzwa, si kwa kuwa mimi ni tabibu, bali ili mwenye kukabiliwa na jambo hili ajue anachokiahidi. Na kipimo chochote asikifuate ila kwa amri ya daktari wa wanyama aliyemwona mgonjwa wake.

La kwanza ni wakati. Sindano hutolewa kila baada ya saa 12. Nchi yetu i karibu na ikweta, na mchana wetu na usiku wetu hukaribia kuwa sawa mwaka mzima. Sisi tumechagua jua linapochomoza na jua linapotua, saa ambazo nyumba ya Mwislamu haina usingizi. Hata mwezi wa Ramadhani ratiba ya paka haibadiliki, yeye hafungi. Na lazima wajue kudunga watu wawili nyumbani, kwani mmoja akisafiri au akiugua, maradhi hayamngoji.

La pili ni sindano yenyewe. Insulini nyingi za wanyama huwa na uniti 40 katika mililita moja, na za watu wengi leo huwa na 100. Kila moja ina bomba lake lililopigwa alama kwa ajili yake. Mwenye kuvuta insulini ya 100 kwa bomba la 40 humpa paka mara mbili na nusu ya kipimo, na huenda akamwua kwa mkono uliokusudia kumponya. Paka wengi huanzishwa kwa uniti moja tu au karibu na hapo. Kosa dogo kwake ni kubwa. Dawa huhifadhiwa ndani ya friji wala haigandishwi. Hudungwa chini ya ngozi, na pahali pabadilishwe badilishwe. Ukiwa na shaka kama imeingia au imemwagika juu ya manyoya, usirudie. Ngoja wakati mwingine. Sindano moja iliyokosekana ni nyepesi kuliko sindano mbili zilizofuatana.

La tatu ni chakula. Paka ameumbwa kuwa mla nyama. Wali na mkate wetu havikuwa haki yake. Vilikuwa ni kujiondolea makombo tukidhani ni sadaka. Chakula chenye protini nyingi na wanga mchache humsaidia sana. Wako paka ambao, wakianzwa mapema kwa dawa na chakula kama hicho, hufikia hali ya kutohitaji sindano tena, ingawa hubaki wa kuchungwa. Lakini asibadilishiwe chakula ghafula ilhali yu katika dawa bila ya daktari kujua, kwani wanga ukipungua na kipimo kikabaki vile vile, sukari yaweza kushuka mno. Wala asifungishwe njaa ili akonde upesi. Paka mnene akikaa siku chache bila ya kula, ini lake huharibika.

La nne ni kujua dalili za hatari. Sukari ikishuka mno, paka hulegea, hupepesuka, hutetemeka, na huenda akashikwa na kifafa. Hapo apakwe asali au maji ya sukari katika fizi, asimiminiwe kinywani akapaliwa, na akimbizwe kwa daktari. Na akikataa chakula au akitapika, asidungwe kwa mazoea tu. Daktari aulizwe kwanza. Ama sukari ikikaa juu muda mrefu, damu yake huingia sumu: huacha kula, hutapika, na hulala asiinuke. Hilo ni jambo la saa, si la kungoja kesho. Chupa ya asali na nambari ya simu ya daktari viwekwe mahali pamoja, na kila aliye nyumbani ajue.

Wengine wameniuliza juu ya insulini iliyotokana na nguruwe, kwani iko ya wanyama inayojulikana sana iliyo ya namna hiyo. Nasema: ikiwa nyingine yapatikana na daktari aona yafaa, tuichukue hiyo, glargini, ambayo paka wengi hupewa, hutengenezwa kwa vijidudu, haitoki katika nguruwe. Ikikosekana, mazungumzo yake ni ya dharura na ya tahadhari ya mikono na nguo, wala si sababu ya kumwacha mnyama afe. Ama waliotuletea hirizi ya kumvika paka shingoni, na waliosema kwamba huyu si paka bali ni jini mwenye kiu, hao twawaombea uwongofu. Dua ni silaha ya Mwislamu, nasi twaiomba. Lakini kilichopungua katika mwili wa mnyama huyu kinajulikana, na kukitafuta ni katika kuzishika sababu tulizoamrishwa tuzishike.

Basi je, asiyeweza? Mwenyezi Mungu hamkalifishi mtu lisilokuwa katika uwezo wake, na mimi sina ruhusa ya kuwafungia watu mlango aliouacha wazi Mola wao. Asiyeweza kwa umaskini, au kwa upweke, au kwa macho yasiyoona alama za bomba, na amtafute mtu mwingine amkabidhi, amweleze maradhi yote bila ya kumficha. Asipompata, na mnyama akawa katika mateso yasiyo na mwisho, wanavyuoni wamekhitalifiana juu ya kuuondoa uhai wa mnyama asiyeliwa ili apumzike. Wako waliokataza, wako walioruhusu. Mimi simlaumu aliyewafuata walioruhusu, kwa mkono wa daktari na bila ya maumivu. Ninayemlaumu ni yule aliyeweza, akaenda sokoni na kikapu usiku, akarudi na kikapu kitupu, akalala.

Mimi nilirudi njiani na kikapu kizito. Mama yangu alimwita mjukuu wake, akakaa naye chini jua lilipotua, akamwonyesha namna ya kuinua ngozi kwa vidole viwili na kuingiza sindano. Mkono wa mtoto ulitetemeka. Mama akamwambia: "Usiogope, mjukuu wangu. Mimi hudungwa kila siku, na mwenye kudungwa ajua kama mkono una huruma." Leo ni siku ya 19. Maji anayokunywa yamepungua, ingawa miguu yake bado. Hatujui mwisho wake, na hatukuambiwa tuujue. Tumeambiwa tusimfunge kiumbe baina ya milango miwili.

Na Abu Qatada, sahaba wa Mtume, rehema na amani zimshukie, alipowekewa maji ya kutawadha na mke wa mwanawe, paka akaja kunywa, naye akamwinamishia chombo mpaka akanywa. Alipoona yule mwanamke astaajabu, alimweleza kwamba Mtume alisema paka si najisi, bali ni katika wanaozunguka zunguka kwetu. Mwenye kuzunguka nyumbani mwako ana haki nyumbani mwako. Abu Qatada aliinamisha chombo. Sisi twatakiwa tuinamishe saa mbili za siku yetu.

Hili ndilo jawabu langu kwa yule kijana, na kwa nafsi yangu kabla yake. Wallahu aalam.